Karatasi ya Mama Mukarutesi

Jumanne, 8 Februari 2011

Nimeanza. Bantu kumi na ine! Noël, mwenye anachunga maktaba ya kambi, alikuwa amepanga viti sita tu. Bengine bakakaa chini, bengine juu ya makartoni ya vitabu. Hivyo vitabu vimetoka Ulaya: sheria za kodi, namna ya kulea mbwa, kamusi ya Kidachi. Noël anaviandika namba, kimoja kimoja, utazani kesho kuna muntu atakuya kuviomba.

Mvua ilipiga mabati paka hatukusikilizana. Niliandika a e i o u ubaoni, nikapiga makelele. Bantu bazima banarudilia pamoja na mi — a! e! i! — na aibu mu macho.

Sijui juu ya nini nimekubali hii kazi. Ku Bukavu nilifundisha miaka kumi na moja, darasa la batoto hamsini na tano. Hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi mu Malawi, niko mwaka wa sita, sina darasa. Noël aliomba na kuomba. Rémy, bwana yangu, alicheka bila kuinua macho ku mashini yake ya kushona. Ati: unabafundisha kusoma nini? Liste ku ukuta?

Hakukosea. Hapa kitu cha kusoma ni liste ya majina ya bale banaitwa mahojiano ya kuhamia inchi za ngambo. Na majina yetu haimo.

Mama moja wa Rwanda, Mukarutesi, alikaa mbele kabisa. Anakaribia miaka hamsini. Biro aliishika na ngumi nzima. Nikafungua vidole vyake, kimoja kimoja. Vigumu, kwa sababu ya jembe, mu mashamba ya bantu bengine. Mwisho wa somo akauliza: Madame, inachukua miezi mingapi?

Alhamisi, 24 Februari

Tuko batano.

Muzee Nahayo, seremala wa Burundi, amerudisha kalamu. Alikuya saa ya somo, akasimama ku mulango, hakuingia. Ati tangu 1972 anakimbia, amepita inchi tatu bila kusoma, na hizi herufi zinaingia asubuhi, jioni zimetoka. Ati nisimukasirikie.

  Kalamu alikuwa ameichonga muzuri na kisu chake cha kazi. Nikaipokea.

Matope paka ku magoti. Maharagi ya mwezi huu hayajafika. Batapungua tena.

Jumanne, 15 Machi

Mama Mukarutesi hajakosa hata siku moja. Anafika kabla ya Noël, anafagia. Cécile, mwenzake wa benchi, anasoma kwa kuimba, lakini huyu anasoma kimya, midomo tu inacheza, kisha anatoa silabi moja na nguvu. MA. Kama anaitupa.

Leo alibaki nyuma. Nilimuuliza kitu gani inamusukuma hivi. Alifunga mulango kwanza.

Hadisi yake, kwa kifupi. Mu 1996, makambi ya Congo yalipovunjika, alikimbia mu pori na batoto babili: Kamikazi mugongoni, na kijana, Niyomugabo, wa miaka ine, mukononi. Siku moja risasi, bantu bakatawanyika, mukono ukaachana. Hakumuona tena. Alifika Malawi na binti tu. Kisha mu 2009 — kijana akaingia mu kambi na miguu yake! Miaka kumi na saba. Familia moja ilimulea, ikamupeleka paka Zambia, huko akasikia bantu ba kwao beko Dzaleka. Alitembea nyumba kwa nyumba akitaja jina la dada yake.

Kidogo nilie. Ni kitu kimoja kizuri nimesikia mu hii kambi.

Lakini alipoenda ku ofisi ya bakimbizi kumwandikisha mu dosye yake, faili ya familia, balikataa. Bakafunga dosye nzima. Ati amesema uongo. Uongo gani? Mufanyakazi akamujibu: nenda usome karatasi yako mwenyewe, mama. Huyo kisha akahamishwa. Hakuna mwengine alimueleza.

«Njo maana nilikuya, Madame. Balisema nisome. Ninasoma.»

Nilimuambia: ungempa muntu akusomee. Alitikisa kichwa. Ile karatasi iko na maisha yake yote ndani. Akimupa muntu leo, kesho ku robine ya maji bote banajua alipita wapi, bwana alikufa namna gani. Mu kambi hii, kwa Munyarwanda, hiyo si kitu cha kuchezea.

Nilirudi nyumbani na nguvu. Rémy aliuliza kama nimelewa.

Alhamisi, 31 Machi

Alileta karatasi. Alitaka tu nimuonyeshe jina lake, arudilie kuliandika. Iko mu mufuko wa plastiki, na mufuko mwengine juu, na kitambaa. Ile page ya maelezo bantu balijaza mu 2006, yake kwa Kiswahili.

Ni mwandiko wangu.

Ni mi niliandika.

Nilimuonyesha jina. Alifurahi. Alipitisha kidole juu ya M. Sijui nilimaliza somo namna gani.

Ijumaa, 1 Aprili

Ninakumbuka meza. Kiwanja cha mpira, tanti ya turubai, jua. Nilikuwa nimefika mwaka moja kabla ya hapo. Ofisi ilitafuta bantu ba kuandikia basiojua kuandika, nikaenda, ili mikono yangu ifanye kitu. Tulikuwa batatu: mi, mama moja wa Uvira mwenye alikufa, na Karangwa. Siku kumi na tano. Bantu ishirini, makumi tatu kwa siku. Sura sikumbuki hata moja. Mama Mukarutesi pia hanikumbuki: aliniambia siku ile aliangalia majani tu.

Mustari wa tisa. Niliandika: «Mutoto wangu wa kiume alikufa njiani.»

Alisema nini? Sasa najua alisema nini. Alisema nilimupoteza. Bote tunasema hivyo — mwenye kuzika mutoto anasema nilimupoteza, na mwenye mukono wa mutoto ulimuponyoka mu pori anasema nilimupoteza. Kulikuwa lazima kuuliza. Neno moja: amekufa, ao hamukuonana tena? Mwalimu wa miaka kumi na moja! Sikuuliza. Alikuwa analia, nazani, bote balikuwa banalia, na foleni ilifika ku barabara, na nilisikia njaa. Niliandika alikufa. Ni fupi. Kisha nikamushika kidole, nikakitia mu wino.

Miaka mitatu kisha, mutoto anaingia ku mulango. Na ofisi inasema: huyu ni nani?

Jumanne, 12 Aprili

Leo tena ba be bi bo bu. Mara ya tatu mu juma mbili.

Niandike hapa kitu ninafanya. Herufi ya F bado, ile ya alikufa. Nimeiruka. Cécile aliuliza, nikasema ni ngumu, tutaifika. Si ngumu. Juma lililopita niliambia Noël sina chaki, na chaki ilikuwa mu mufuko wa koti yangu.

Kila siku ninasema: leo nitamuambia. Ninafika, yeye amekwisha kufagia, ananiwekea kiti. Simuambii.

Juu ya Karangwa. Mu 2008 bantu bengine balilalamika hadisi zao zilibadilishwa ku makaratasi. Ofisi ikamuita Karangwa, ikasema anauzia bantu mahadisi ya uongo. Hakuuza kitu. Dosye yake ikafungwa, ya bibi yake, ya batoto sita. Sasa anauza makaa ku njia ya Lumbadzi, na ukimusalimia, hajibu. Na mi niliandika wangapi? Mia tatu?

Alhamisi, 28 Aprili

Alikuya anacheka! Sijawahi kumuona anacheka, jino moja haiko. Alinishika mukono paka ku ubao, akachukua chaki, akaandika F kubwa, imelala kidogo.

«Madame, nimeipata mi mwenyewe. Hii ni fa. Ya Fanta! Iko ku chupa, iko ku ukuta wa duka, kila siku ninapita hapo!»

Cécile akapiga makofi. Noël akapiga makofi. Na mi nikapiga makofi.

Jumapili, 1 Mei

Baada ya ibada, bantu bakajaa ku ukuta wa matangazo. Merveille, binti yetu, akarudi anakimbia, kiatu kimoja mukononi. Jina letu iko! Tunaitwa kwa mahojiano, Lilongwe, 29 Juni. Miaka sita! Rémy alikaa chini mu vumbi, suruali ya Jumapili na yote. Alilia. Mi nikamupangusa na kitenge. Sikulia.

Jioni nikamuambia Rémy yote. Alisikiliza paka mwisho. Kisha akasema pole pole, kama muntu anahesabu mishono: we ulikosea neno moja, hukuiba, hukuua. Ukienda kusema sasa, batauliza umeandikia bengine wangapi, batakufanya Karangwa wa pili. Tarehe 29 tutaenda kufanya nini?

«Na yule mama?»

«Yule mama atapata muntu mwengine wa kumusaidia.»

«Nani?»

Akafunika mashini yake. Merveille alikuwa anapanga kiatu chake ku jua la mwisho, anaimba.

Alhamisi, 19 Mei

Hakuna somo. Nilisema niko mugonjwa. Mama Mukarutesi alinitumia uji.

Jumanne, 24 Mei

Nimemuona Niyomugabo kwa mara ya kwanza. Aliingiza mama yake mu maktaba, baridi imeanza, alimubebea koti. Murefu, anainama ku mulango. Miaka kumi na tisa. Anapiga matofali kwa Mumalawi wa kijiji cha karibu, siku moja kazi, siku tatu hapana. Kwa sababu hana karatasi ya familia, chakula chake kinatoka mu sahani ya mama na dada.

Aliniambia zikomo, asante, kwa kazi yangu. Aliuliza, mbele ya mama, kama kweli mama atafika kusoma ile page. Nikasema ndiyo. Akasema vijana benzake banapanga kuondoka kuelekea South Africa, kwa njia ya Msumbiji, lakini mama amemuomba angoje. Angoje asome kwanza, bajue kosa iko wapi, balitengeneze. «Nimemupa paka mwezi wa sita.»

Alisema hivyo na heshima, kofia mukononi. Kulikuwa nafasi ya kufungua kinywa. Ilikuwa pale, mbele yangu, kubwa kama mulango. Nilisema: mama yako anaendelea muzuri.

Jumanne, 7 Juni

Alisoma.

Hakuniuliza. Nilikuwa nasahihisha kaye ya mazoezi ya Cécile. Alifungua kitambaa, mufuko, mufuko, akaweka page juu ya meza, akaanza toka juu. Kidole chini ya kila silabi. Jina. Inchi. Mwaka. Sauti yake ilikuwa ndogo. Noël aliacha namba zake.

Mustari wa tisa.

«Mu-to-to. Wa-ngu. Wa ki-u-me. A-li-ku —»

Alirudi nyuma.

«A-li-ku-fa.»

Akarudisha kidole ku mwanzo. Akasoma tena. Kisha akaniangalia, akacheka kidogo, ile cheko ya mwanafunzi amekosea mbele ya mwalimu.

«Nimesoma mubaya, Madame. Nisahihishe. Hapa inasema nini?»

Mungu wangu. Hata hapo ningeweza. Angeniamini. Ningesema ni alipotea, ningesema herufi hii haisomeki muzuri, na angesema asante.

Nikasema: «Hukukosea, mama. Umesoma muzuri.»

Alikaa.  Alikunja page, kitambaa, mufuko, mufuko. Alivaa koti. Ku mulango aligeuka, akaangalia ubao — nilikuwa nimeandika mistari mitatu ya zoezi — aliiangalia muda murefu. Akaenda.

Sikumuambia ni mi. Nilisema ukweli nusu, nikajificha mu nusu yengine.

Jumatano, 8 Juni

Hapana. Leo pia sikumuambia.

Jumamosi, 11 Juni

Mama Mukarutesi alikuya nyumbani. Rémy alikuwa ku mashini. Sikumuomba Rémy atoke. Alitoka.

Hakutaka kiti. Alisema jana Niyomugabo aliomba amuambie kitu alisoma, akamuambia. Kijana akauliza ile page iliandikwa mwaka gani. Akasema: kumbe tangu niko na miaka kumi na ine banajua nilikufa. Alicheka, akala nsima yake, akamaliza, akaosha sahani ya dada yake pia. Leo asubuhi kitanda baridi. Ametoka na benzake babili, kuelekea Msumbiji. Hana simu.

Kisha akasema: «Ile K ya ku page. Iko na mukia. Ubaoni pia iko na mukia. Miezi ine niliangalia mwandiko wako, Madame, hakuna mwandiko mwengine ninajua mu dunia.»

Nikasema ndiyo.

«Ulijua tangu lini?»

Nilifikiri kusema: tangu juzi. Nikasema: «Tangu mwezi wa tatu. Siku ulinionyesha jina.»

Hakupiga kelele. Ingekuwa afazali. Alifungua mukono wa kuume, akahesabu na vidole, ile vidole nilifungua mi mwenyewe. Wa ine. Wa tano. Wa sita. Vidole vitatu. Akaviangalia.

«Ningemushika,» alisema. «Mu mwezi wa ine ningemuambia, ni kosa ya muandishi, na muandishi iko hapa, atakwenda kusema. Angebaki.»

Nilipiga magoti. Sijui kama aliona. Aliniomba kitu kimoja: twende ku ofisi Lilongwe, niseme kwa kinywa changu. Nikamuuliza — nilisema kweli hivi, na aibu itanifuata — nikamuuliza itasaidia nini sasa, kijana ameondoka.

Akasema: «Nataka karatasi iseme alikuwa muzima. Kitu kikimupata ku njia, bajue iko na mama. Ao ataoza kule bila muntu, kwa sababu ku dosye alikwisha kuoza.»

Jumapili, 12 Juni

Sikuenda kanisani. Rémy alienda na Merveille.

Nilimuambia Rémy nitakwenda na mama Mukarutesi. Alisema: ngoja tarehe 29 ipite! Siku kumi na saba tu! Kisha useme yote unataka. Nilimuambia yule kijana pia mama alimuomba angoje. Akapiga meza, sindano zikaanguka. Merveille alianza kuziokota, moja moja, bila kutuangalia. Ana miaka kumi na tatu. Iko anajua yote.

Rémy amesema: «Mutoto wake ulimuua ku karatasi kwa kukosea. Wetu utamufunga hapa kwa makusudi.»

Alhamisi, 16 Juni

Nilifundisha. Babili tu, Cécile na mama mwengine. Kiti cha mbele hakuna muntu. Noël amefagia yeye mwenyewe, mubaya. Aliuliza mama Mukarutesi iko wapi, mwanafunzi wetu wa kwanza kusoma page nzima! Ameandika barua kwa bale bantu ba vitabu Ulaya, kubaambia ushindi. Nilimuomba asitume. Ametuma.

Kufutwa kwa jina, kufungwa, kurudishwa — ninafikiri hayo tu. Kisha ninafikiri njia ya Msumbiji, na kisha siwezi tena kufikiri.

Jumatano, 22 Juni. Lilongwe, ku ofisi

Ninaandika ku benchi, kaye juu ya magoti.

Tulitoka mu baridi kali, mi na mama Mukarutesi ku kabaza mbili, baisikeli za kulipia, paka ku barabara. Minibus hakuna, petroli hakuna. Tulingoja masaa tatu. Mwisho moja ikatuchukua, tumesimama tumeinama.  Mu Old Town alisoma ukuta: DU-KA. Si kwangu. Kwake mwenyewe.

Rémy hakuniaga. Merveille aliniaga, alinikaza na mikono yote mbili.

Habari za Niyomugabo, hakuna. Siku kumi na moja.

Tuko namba makumi tatu na moja ya kuitwa mara ya pili. Ku dirisha kuna dada Mumalawi, kijana, muzuri, sauti yake ni baridi kama jiwe, lakini si mubaya. Alisikiliza kupitia kwa mutafsiri. Akauliza mara mbili: amayi (mama), kosa ni la muandishi? Muandishi iko wapi? Mama Mukarutesi hakunionyesha. Alingoja. Nikasema: niko hapa. Yule dada aliniangalia, akaangalia kompyuta, akauliza kama mi pia niko na dosye. Nikasema niko nayo. Mahojiano lini? Nikasema.  Kisha akatoa fomu moja, ya kubadilisha maelezo, Kiingereza juu, Kiswahili chini. Akasema tujaze kila moja sehemu yake, tuirudishe tukiitwa. Na akaongeza, pole pole, mutafsiri hata hakumaliza: hakuna muntu anakulazimisha sehemu ya pili, amayi. Bila hiyo, itabaki neno la mama tu.

Mama Mukarutesi alijaza yake. Yeye mwenyewe! Bantu nyuma yetu balinungunika, alichukua muda. Mutoto wangu wa kiume Niyomugabo alipotea njiani 1996. Alirudi 2009. Ni muzima. Aliniuliza tu namna ya kuandika «muzima». Nikamutajia silabi ya kwanza, nyingine akaimaliza bila mi.

Sasa fomu iko kwangu. Sehemu ya pili: Jina la aliyeandika maelezo ya kwanza. Namba ya dosye yake. Sahihi.

Banaita ishirini na nane.

Rémy saa hii anashona koti ya Merveille ya kuvaa tarehe 29. Alitafuta vifungo juma nzima.

Ishirini na tisa.

Mama Mukarutesi amesogea karibu. Haniombi. Anaangalia ncha ya biro yangu, na midomo yake imekwisha kujiweka tayari kwa herufi ya kwanza ya jina langu. Ninafunga kaye, ninavuta fomu.